Baiskeli ya ndizi kutikisika mbele: kabla hujanunua foku, soma hapa

Wakuu, bwakire kwa watu wa kwetu, habari kwa wengine.

Naandika kwa kidole kimoja na miwani inateleza, nivumilieni. Chumvi sitaongeza, hata jikoni daktari amenikataza.

Juzi mmoja hapa aliuliza kwa nini baiskeli yake inatikisika mbele akiteremka na mzigo. Mkamjibu nyote kwa sauti moja: nunua foku mpya, ile panda ya chuma inayoshika gurudumu la mbele. Nilisoma nikachoka. Jibu hilo nilipewa mimi kabla wazazi wenu hawajazaliwa, na lilinitoa ngozi.

Mwaka 1966, nikiwa na miaka kumi na saba, baba alikufa. Shule nilifika darasa la tatu, na hata hilo sikulimaliza. Mimi ndiye kifungua mimba wa kiume. Mama yuko pale, wadogo wako pale, na shamba letu la Gesima ni migomba tu.

Dada yetu Kemunto alikuwa ameshaolewa. Kwetu ng'ombe wa mahari ya dada ni wa kaka yake kuolea. Mimi nikamuuza mmoja, nikanunua baiskeli kuukuu, ile nyeusi ya chuma kizito, niwe nabeba ndizi mbichi mpaka soko la Kisii.

Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, hakupenda kabisa.

"Mtu mzima anauza ng'ombe wa dada yake ananunua chuma," alisema mbele ya watu. "Utakioa hicho chuma? Kitakupikia ugali?"

Mimi nikapakia ndizi. Wadogo zangu walikuwa wanakula kwa sababu ya hicho chuma.

Sasa ugonjwa wenyewe.

Kwenye tambarare, hakuna neno. Nikianza kuteremka na mikungu nyuma, usukani unatikisika kushoto kulia, kwanza taratibu, halafu haraka kama mtu mwenye malaria. Ukikaza mikono, unazidi. Ukishika breki kwa ghafla, unazidi tena.

Siku moja ukanitupa mtaroni, ndizi zikatawanyika kila mahali. Kina mama waliokuwa wakienda sokoni wakasimama.

"Wewe kijana," mmoja akaniita, "ndizi huvunwa kwenye mgomba, si kwenye mtaro!"

Wakacheka, halafu wakaniokotea. Ndivyo watu wetu walivyo, wanakucheka huku wanakusaidia.

Niliisukuma mpaka Nyaramba kwa fundi aliyesifiwa. Akaitazama akasema foku imepinda. Tukabadilisha foku. Ikatikisika. Akasema ni beringi za shingo ya usukani, akazikaza mpaka usukani ukawa mgumu kama bawaba yenye kutu. Ikatikisika vibaya zaidi. Akasema nimpelekee rimu. Nikamwambia bwana, ukimaliza kubadilisha kila kitu utanirudishia kengele tu.

Wenzangu waliobeba ndizi nao nikawauliza. "Baiskeli ya ndizi lazima icheze," wakasema. Yaani zao pia zilitikisika, wameshazoea! Mimi nilitikiswa zaidi kwa sababu ubao wangu wa keria, kile kibebeo cha nyuma, ulikuwa mrefu, umepita gurudumu kwa nyuma.

Habari zikamfikia baba mdogo. Akaja nyumbani amevaa koti.

"Ng'ombe wa Kemunto analia ndani ya hicho chuma," akasema. "Kitakuua, nami ndugu yangu nitamjibu nini? Kuna mtu wa Kenyenya ana mtamba wa ng'ombe, anataka baiskeli. Jumapili anakuja, tubadilishane."

Kubishana na baba mdogo kwa miaka ile, usifikiri ni kama nyinyi na wazee wenu. Nikamwomba kitu kimoja: mtu huyo akija, nishuke na ndizi mbele yao kwanza. Ikitikisika, achukue. Akakubali. Alijua itatikisika.

Sikuwa na wazo lolote, wakuu. Nawaambia ukweli.

Ijumaa mama akanituma na gunia la mahindi kwenye mashine ya kusaga, tupate unga kabla ya Sabato. Gunia lile lilikuwa zito kuliko mikungu yangu. Nikateremka mteremko uleule nimekaza meno, nasubiri kutupwa.

Kimya. Usukani umetulia kama maji ya mtungini.

Jioni nikamwambia baba mdogo, nikidhani nimepata ushahidi. Akacheka.

"Mahindi ni chakula cha mama yako, kwa hivyo ng'ombe amekubali. Ndizi ni tamaa yako."

Siku ya Sabato sikushika kazi, lakini kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafikiria gunia. Baiskeli ni ileile, barabara ni ileile, mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni mzigo, na si uzito wake.

Jumapili asubuhi nikapakia mikungu kama kawaida. Kawaida yetu ilikuwa hivi: unatandika majani mabichi ya mgomba na vipande vya shina lake kwenye ubao, ili ndizi zisichubuke, maana ndizi nyeusi hainunuliwi. Halafu unafunga kwa kamba za mgomba, bila kukaza sana, usije ukazikata.

Nikaomba mama ashike usukani. Mimi nikaenda nyuma, nikausukuma mkungu kwa kiganja.

Mkungu ukaenda. Ukarudi. Ukaenda tena.

"Mbona usukani unanipiga?" mama akauliza.

Pale pale nikajua. Yale majani mabichi yanateleza kama samaki, kamba inalegea, mzigo unayumba nyuma, na mbele panaitikia. Ugonjwa ulikuwa mkiani, sisi tunatibu kichwa! Ule upole wetu kwa ndizi ndio ulionitupa mtaroni.

Nikatoa majani yote. Nikakata ubao. Nikatandika gunia kavu lililokunjwa, mikungu nikailaza karibu kabisa na kiti, nikafunga kwa blada, ile mipira ya tyubu kuukuu, nikikaza kwa goti. Nikasukuma tena. Baiskeli yote ikaenda pamoja na mzigo, kitu kimoja. Shingo ya usukani nayo nikailegeza kidogo, ikageuka vizuri.

Mtu wa Kenyenya akafika na mtamba wake. Baba mdogo akasimama kando ya barabara, mikono nyuma. Nikateremka.

Niliogopa mpaka chini. Haikutikisika.

Nilipopanda tena nikiisukuma, nikakuta yule mgeni amefurahi kuliko mimi.

"Kumbe ni nzima!" akasema. "Basi naongeza mbuzi."

Baba mdogo akanitazama, akamtazama mtamba. Nikaona anashawishika. Nimeiponya baiskeli, sasa inauzwa kwa sababu imepona?

Mama, ambaye mbele ya shemeji yake hakuwa msemaji, akauliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, huyo mtamba atapeleka ndizi Kisii?"

Mgeni akavuta kamba ya mtamba wake.

"Na mbuzi je?"

Baba mdogo akakohoa. Akamwambia mgeni, "Karibu chai, halafu urudi kwako na mali yako."

Nikaenda sokoni. Mnunuzi wangu alilalamika ndizi mbili tatu zimechubuka, nikamwambia afadhali zichubuke hizo kuliko mimi.

Nilibeba ndizi hivyo miaka mingi, mvua na matope, mpaka katikati ya miaka ya sabini. Msinipongeze. Ilikuwa kazi ya punda, na mwili unanikumbusha kila asubuhi.

Funzo: usukani ukitikisika, jaribu baiskeli bila mzigo kwanza. Ikitulia, acha foku, nenda nyuma, sukuma mzigo kwa mkono. Ukicheza, umempata mwizi. Na ikikuanza njiani, usikaze mikono wala kushtua breki. Bana bomba la juu la fremu kwa goti, punguza mwendo polepole.

Leo nina nyumba ya matofali Gesima. Nina majani chai na migomba. Nina ng'ombe wa maziwa wawili. Nina duka la vyumba viwili, kimoja nimepangisha. Nina mke mmoja, watoto wote wamesoma kunizidi. Baiskeli sina, na sitaki.

Mwenye swali aulize, mwenye kubisha abishe. Nitajibu kesho, leo macho yamechoka.