Ahuacamolli Haina Ndimu

Katika ukoo wa Tepole, mlimani Puebla, kila msichana aliyeposwa alikaa mwezi mzima kwa wakwe kabla ya kupelekwa kanisani. Siku ya mwisho alipewa kinu cha jiwe, akaponda mchuzi wa parachichi peke yake mbele ya wanawake. Ukigeuka mweusi, basi ana mkono wa moto, na mwenye mkono wa moto huchachusha unga na kuzika watoto. Anarudishwa kwao.

Crescencia alikuwa na miaka kumi na saba mwaka niliopanga chumba uani kwa wakwe zake. Alitoka mji wa bondeni, kwa watu walioacha Kinahuatl, lugha ya wazee wao, vizazi viwili nyuma. Kwao kulikuwa na baba wa kambo, na mlango wa chumba chake haukuwa na komeo. Mwezi mzima aliamka wa kwanza, akalala wa mwisho.

Mavyaa yake, Doña Otilia, alimkabidhi kinu saa kumi na mbili asubuhi. Wageni walialikwa saa nane mchana.

“Unatengeneza nini, mwanangu?”

“Guacamole, mama.”

Wanawake wakatazamana.

“Hilo neno Wahispania walilitafuna wakatutemea, nawe umeliokota. Sema ahuacatl.”

“Ahuacatl.”

“Ndiyo nini?”

“Parachichi.”

“Na nini kingine?” akadakia shangazi wa mchumba. “Mchumba wako Wenceslao anayo mawili, chini ya mkanda. Mwezi mzima hujayaona?”

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Crescencia aliendelea kuponda.

“Na molli?” akauliza Doña Otilia.

Msichana akafuta mchi kwa kidole.

“Mchuzi. Ahuacatl na molli, ahuacamolli. Mchuzi wa parachichi. Mbwa wetu anajua, wewe hujui, na unataka kunizalia wajukuu.”

Aliponda vizuri: pilipili na chumvi kwanza, nyanya, kisha parachichi, bila haraka. Alipomaliza akaomba ndimu.

“Ya nini?”

“Usiwe mweusi, mama. Kwetu tunakamulia.”

“Ndimu ilikuja na hao hao Wahispania. Ahuacamolli haina ndimu. Ukitaka ndimu, ifuate guacamole yako bondeni.”

Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kulizuia parachichi lililopondwa asubuhi lisigeuke rangi hadi saa nane. Doña Otilia alilijua hilo. Siku yake mwenyewe, mavyaa yake alimpa kinu wageni wakiwa wameshaketi. Alinisimulia baadaye huku akichambua maharage, wala hakuona haya.

Saa nane mchuzi ulikuwa na rangi ya matope. Wenceslao akachota kwa kipande cha tortila, chapati ya mahindi, akala, akachota tena.

“Mtamu,” akasema.

Mama yake akamtazama. “Mtamu vipi?”

Akatafuna polepole, akameza.

“Nimekosea, mama.”

Crescencia akaomba maji anawe mikono, pilipili ilikuwa inamchoma.

“Utanawa mtoni,” akaambiwa. “Uko kwenye njia ya kwenu.”

Wenceslao aliamriwa amsindikize na kifurushi chake hadi huko mtoni. Alikibeba hadi mlangoni, akakiweka chini, akarudi kuketi. Msichana alikiinua mwenyewe. Kabla hajafika bomba la maji mwisho wa uchochoro, wageni walikuwa wameshaumaliza mchuzi wote, na shangazi alikuwa anafuta kinu kwa tortila ya mwisho.