Mashine Iliyokataa Chaja Yangu

Watu wote waliilaumu sisitemu. Laptop yangu ilikuwa kuukuu, inatumia Linux, ile sisitemu ya kuendeshea kompyuta isiyolipiwa, na ilitambaa hivi kwamba ukurasa mmoja wa mtandao ulinipa nafasi ya kumenya vitunguu vya mchana. Ijumaa nilikuwa na mtihani wa mwisho wa diploma ya kompyuta, wa muda wa saa mbili mtandaoni, nafasi moja tu. Nikishindwa, miaka miwili imekwenda na maji.

Jumatatu nikaomba ruhusa ya kutoka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, nikapanda basi hadi Lilongwe kwa fundi wangu wa mtaa wa Kawale. Ni mtu wa Uvira, Kongo, mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Mwezi uliotangulia yeye ndiye aliyenitengenezea chaja, baada ya ile ya asili kuungua: alichukua chaja ya mashine ya aina nyingine, akakata waya, akaunganisha na kichwa cha ile yangu.

"Mama, iyi sisitemu ya bure njo inakuchosha," akasema bila hata kuifungua mashine. "Acha nifute yote, nikuwekee ya bantu benye makuta." Yaani ile ya kulipia, ya watu wenye pesa.

"Futa ya kwako," nikamwambia. "Kazi yangu ya miaka miwili iko humo."

Akacheka. "Basi utaanguka mtihani. Usiseme sikukuambia."

Nilitoka pale nimekasirika hadi masikio yanauma. Eti ya bure! Kama vile kitu kisicholipiwa hakiwezi kuwa na akili. Sisi wa kambini tumeambiwa miaka yote tushukuru kwa chochote na tusiulize. Mi nikauliza.

Jumatano, katika chumba cha kusomea kambini, nilifungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, nikaiuliza prosesa, ubongo wa mashine, inakwenda mwendo gani. Megahezi mia nane. Na ina uwezo wa elfu mbili na mia tano! Nikadhani ni joto, maana prosesa ikichemka hujipunguzia mwendo isiungue. Nikapima: wala haikuwa na joto la maana. Sasa nini? Nikakaa naitazama ile mia nane, haisogei, nami sisogei.

Ndipo umeme ukakatika. Chumba kizima kikaguna. Mi niliinamia skrini, kwa sababu mashine ilipohamia kwenye betri, ile mia nane iliruka hadi elfu mbili na mia tano. Umeme uliporudi, ikaanguka tena.

Kumbe ni chaja! Nilisoma mpaka nikaelewa. Chaja ya asili ina waya mwembamba wa kujitambulisha kwa mashine. Fundi wangu aliunganisha nyaya mbili, huo wa tatu akauacha unaning'inia. Mashine ikiona chaja isiyoijua, inaogopa, inaifunga prosesa breki. Sisitemu haikuwa na kosa hata moja. Hiyohiyo ya bure ndiyo iliyonionyesha, na ndiyo iliyoniruhusu kuiamuru prosesa isiitii breki ile.

Niliogopa, sifichi. Betri yangu haikufika nusu saa, kwa hiyo bila chaja hakuna mtihani, na chaja ikiungua hakuna mashine. Nikasoma maandishi ya mgongoni mwa chaja mara tatu: volti zilezile za chaja ya asili, ampea zilezile. Basi! Nikaandika amri, nikabonyeza. Mwendo ukapanda, waya ukiwa umechomekwa.

Nilifaulu. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni Ijumaa ile yenyewe. Kila baada ya maswali machache niliigusa chaja. Ilikuwa na joto, lakini la kuvumilika. Kurasa zilifunguka papo hapo. Nikajibu swali la mwisho zikiwa zimebaki dakika kumi na nane.

Msimamizi akaja nyuma yangu. "Zikomo, asante, mama. Umemaliza. Tuma, utoke."

"Bado," nikamwambia.

Nikarudi swali la kwanza, nikaanza kuyasoma majibu yangu upya, polepole, neno kwa neno, mpaka dakika ya mwisho.