Jopur na Kimya Chao cha Jumapili

Sisi tuliokulia Rangwe mwishoni mwa miaka ya sitini hatukuwa na nyimbo nyingi za kuchagua. Nyumbani kwetu palikuwa na za kitabuni tu, kwa kuwa baba, fundi wa matofali, alikuwa Msabato asiye na mzaha na dansi. Nikimwomba ruhusa ya kwenda kusikiliza muziki kwingine, alijibu kwa upole, "Zilizo kitabuni hujazimaliza, Okelo. Nyingine za nini?"

Ng'ambo ya ua wetu wa minyaa lilikuwa boma la kaka yake, Mkatoliki. Huko, Jumapili baada ya misa, vyombo vikishaoshwa na harufu ya samaki, ngege wa kukaanga, ikingali hewani, gramafoni ya betri ilitolewa nje na kuwekwa juu ya kigoda. Ilitumwa na Ouma, mtoto mkubwa wa nyumba ile aliyekuwa akisoma Uingereza, pamoja na santuri moja. Upande mmoja wa santuri ulikwaruzika njiani. Uliobaki ulikuwa na wimbo mmoja tu, uliojaza upande mzima.

Juu ya jalada walisimama vijana wanne wa Kiingereza wenye ndevu na makoti ya mvua, katikati ya shamba lililolimwa, matope hadi magotini. Jina lao lilikuwa refu na hakuna aliyelishika. Tuliwaita Jopur, yaani wakulima kwa lugha yetu. Mama mkubwa, mama yake Ouma, aliwahurumia, akasema wanaonekana wamelima bila ng'ombe.

Wimbo wenyewe ulianza na kinanda kama cha misheni, ila hiki kilikimbia. Filimbi ikaingia, kisha ngoma zilizobadili mwendo kabla miguu yako haijauzoea ule wa kwanza. Halafu, katikati kabisa, kila kitu kikanyamaza. Mara ya kwanza tulidhani mawe ya betri yamekufa. Mama mkubwa ndiye aliyeelewa. "Wamesimamishwa," alisema. "Nani anataka kujisifu?"

Waliokulia kwetu watakumbuka. Mpiga nyatiti akiwa amekolea, msikilizaji huinua mkono, nyuzi hunyamaza, naye hujitaja jina, kwao na sifa zake, watu wacheke, kisha wimbo uendelee. Huko ndiko kujisifu kwetu, pakruok. Kwa hiyo tuliona Jopur ni Wazungu wenye adabu, walioacha nafasi bila hata kuombwa. Lakini nafasi ilikuwa moja, na gramafoni ilikuwa na mwenyewe. Kila Jumapili alisimama binamu yangu Odhiambo, mdogo wake Ouma, tuliyelingana umri, katika shati alilotumiwa kutoka ng'ambo. "Mimi Odhiambo wa Rangwe," alisema, "ng'ombe wa baba wananijua kwa mluzi." Gitaa likaingia taratibu palepale alipomaliza, kana kwamba lilikuwa likimsubiri. Na Atieno, binti wa jirani, akacheka huku amejifunika mdomo kwa kiganja.

Nilimwonea wivu Odhiambo kwa shati lile, kwa kaka aliyevuka bahari, hata kwa dini iliyomruhusu kucheza Jumapili. Zaidi ya yote nilimwonea wivu kwa kicheko kile. Baba aliponikataza kuvuka ua nilisikiliza kutoka upande wetu, utomvu wa minyaa ukinichoma mikono, na nikaanza kutunga sifa zangu. Nilizipima kwa ule ukimya, nikizisema kwa mnong'ono mpaka zilipoenea sawasawa.

Jumapili moja nafasi ilipatikana. Baba mkubwa alikuwa amerudi kutoka Homa Bay na kumwacha Odhiambo kwa shangazi, akitibiwa jino. Baba yangu alikuwa ameitwa kazini Rongo. Nilivuka ua. Kinanda kilikimbia, filimbi ikalia, ngoma zikabadilika, kukawa kimya. Nikasimama mbele ya Atieno.

"Mimi Okelo, mwana wa Yakobo anayejenga nyumba zisizovuja, kijana anayesoma bila taa, mjukuu wa..."

Gitaa likanikata.

Nilikuwa nimepima kwa makini, lakini nilipima katika majuma ambayo mawe yalikuwa yamechoka. Yalianikwa juu ya bati ili yapate nguvu, na bado santuri ilizunguka kwa kujikokota, ukimya nao ukarefuka. Baba mkubwa alikuwa ameleta mawe mapya. Mpiga nyatiti angenisubiri. Jopur hawakusubiri. Atieno alicheka hadi akakaa chini, na tangu siku ile watoto wa Rangwe nzima wakaniita Mjukuu-wa. Odhiambo aliporudi, shavu likiwa bado limevimba, alinipa nafasi yake ya Jumapili iliyofuata, kwa moyo mweupe. Nilikataa. Ukarimu wake uliniuma kuliko kicheko.

Nikaamua kuwajua Jopur kuliko yeye. Nilipekua magazeti makuukuu, nikamsumbua mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Migori aliyeagiza santuri, na miaka ya karibuni nimekaa kwenye intaneti katika saiba ya Rongo mpaka mwenye saiba ananijua. Historia yao si ndefu. Huko kwao, ule ukimya ulipofika, watu walipiga makofi wakidhani wimbo umekwisha, kisha wakaona aibu. Kampuni ya santuri ikawataka waukate. Wakakataa. Wenzao waliokuwa wakiwatangulia jukwaani, wenye nyimbo zisizo na mapengo, wakajaza viwanja na kununua majumba. Jopur wakabaki kwenye kumbi za vyuo. Mpiga kinanda akaondoka, santuri zilizofuata zikakosa wanunuzi, wa filimbi akawa mwalimu wa watoto. Redio ikipiga wale matajiri, mimi huizima. Hakuna aliyewaambia Jopur kwamba palikuwa na mahali watu walijua la kufanya katika ukimya wao.

Haya yote niliyasimulia Desemba iliyopita mezani Oyugis, nyumbani kwa Odhiambo na Atieno. Ndiyo, walioana. Kijana wao wa mwisho alikuwepo, nyaya masikioni. Odhiambo alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akasema, "Kumbe waliteseka hivyo, ndugu yangu." Atieno akaanza kuimba kwa midomo iliyofungwa, kinanda, kisha filimbi, bila kukosea, akafika katikati na kunyamaza. Odhiambo hakuinuka kitini. "Mimi Odhiambo wa Oyugis," alisema, "chai yangu inaungwa na Atieno." Naye Atieno akaingia na sauti ya gitaa palepale, akicheka.

Kijana akatoa waya mmoja, akauliza ni wimbo gani huo. Nikamtajia jina lote refu la Kiingereza la Jopur. Akautafuta kwenye simu, akaupata chai ikiwa bado moto, akausikiliza, na ukimya ulipofika akauruka. Vijana wa leo wana nyimbo zote za dunia mfukoni, na kila mmoja anasikiliza zake peke yake. Sisi tulikuwa na mmoja tu, boma zima, na hata huo haukuwa wangu.