Nimekifunga Kisima cha Mavyaa, na Ufunguo Ninao Mimi

Admin, nifichie jina na mtaa. Kazi yangu usiifiche, siionei haya. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, fundi wa mabomba ya maji na majitaka huku upande wa Changamwe. Nimeolewa, nina binti wa miaka minne, na tunakaa nyumbani kwa mavyaa wangu, mamake mume wangu. Nawaandikia kwa sababu nimepewa mpaka Ijumaa: niseme uongo mbele ya watu, au nirudi kwetu.

Uani kwetu kuna kisima. Mavyaa alikichimbisha kwa ajili ya marehemu mamake, kiwe sadaka inayoendelea, na hajawahi kumtoza mtu chochote. Mifereji ikikauka, na hukauka kwa zamu, mtaa mzima huja na madumu. Kila anayeteka mavyaa humwambia, "Muombee mamangu," naye huitika, "Mungu amrehemu." Mimi mwenyewe nilikipenda sana kisima hicho.

Miaka miwili nyuma mume wangu alijenga vyumba vya kupangisha nyuma ya jiko, akachimba shimo la choo hatua kumi na mbili tu kutoka kisimani. Nikamwambia mwamba wa huku kwetu una matundu, maji hupita ndani kama kwenye chujio. Akacheka. "Ufundi wako uache kazini. Hapa wewe ni mke." Nikanyamaza, na kunyamaza huko kunaniuma mpaka leo. Mwaka huu kikosi chetu kikalaza bomba jipya la majitaka mbele ya mlango wetu. Majirani wote wakaunganishwa. Ikabaki yetu, nyumba ya fundi, kwa kuwa mume hataki vigae vyake vya uani vibomolewe. Wenzangu kazini walinicheka, nami nikacheka nao.

Kisha binti yangu akaharisha mpaka akalazwa. Daktari akaniuliza anakunywa maji gani. Nikamwambia, ya kisima. Siku mtoto aliporuhusiwa, nilichukua rangi ya kijani tunayotumia kazini kufuatilia maji yanakopita, haidhuru mtu, nikaimwaga katika choo cha wapangaji. Sikumwambia yeyote. Nilipanga niwe wa kwanza kuteka kisimani kila asubuhi, nitazame mwenyewe kimya kimya kama imetokea.

Asubuhi ya tatu mavyaa alinitangulia. Nilikuwa namvisha mtoto niliposikia, "Ya Rabi! Tizamani maji haya!" Ndoo nzima ilikuwa kijani. Watu wakajaa uani. Mmoja akasema ni sihri, kisima kimerogwa. Mwengine akamnyooshea kidole mpangaji wetu, mama wa Kigiriama anayeuza mihogo, ambaye wiki ile alikuwa amezozana na mavyaa juu ya kamba ya kuanikia nguo. Wakaanza kumzunguka. Yule mama akarudi nyuma mpaka ukutani, na mume wangu alisimama pale pale akitazama tu.

Nikapaza sauti. "Mwacheni! Si sihri. Rangi ni yangu. Nimeimwaga chooni kwa wapangaji, nayo imetokea kisimani."

Mavyaa akaitua ndoo polepole. "Kwani miaka miwili hino mimi natawadha kwa maji ya choo?" Kisha akaniuliza, "Na mamangu je? Watu wamuombea huku wanywa uchafu?" Akaingia chumbani kwake, na tangu siku hiyo namwamkia shikamoo na haitikii. Hapo nilikosa, nakubali. Ilinipasa nimwambie yeye kwanza, sisi wawili tu, kabla ya kuishika ile rangi. Kwa hilo nitambusu mkono na kumuomba radhi hata kila siku.

Lakini mume hataki radhi hiyo. Anataka Ijumaa baada ya swala nisimame uani, niseme rangi niliimwaga kisimani kwa mkono wangu na choo hakina kosa. Kisima kitekwe tena, vigae vibaki, heshima ya nyumba irudi. "Ukikataa, panga nguo zako." Nikamuuliza, "Na mtoto wako akiharisha tena?" Akanijibu, "Watoto wote huharisha." Jioni hiyo hiyo nilitia kufuli kwenye kifuniko cha kisima.

Majirani nao wamenuna. "Sasa tunywe nini, hilo bomba lako la majitaka?" Nao wana haki. Kwa hiyo siku za maji najaza tangi langu kutoka mferejini, nimeliweka nje ya lango. Nimeliandika jina la marehemu, na anayeteka namwambia maneno yale yale ya mavyaa. Jana nilimuona mavyaa dirishani akisikiliza. Dirisha hakulifunga.

Naandika haya nimekaa juu ya kifuniko, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la leso. Mnaojiandaa kuniambia nivumilie, niwe mke mwema, maneno hayo kaeni nayo. Uongo siusemi. Kufukuzwa nako sikuogopi, kwetu kupo na kazi ninayo. Ninaloogopa ni kwamba nikishatoka tu watavunja kufuli, na mtaa utarudi kunywa choo chetu huku ukimuombea marehemu.

Basi nishikeni mkono kwa hili moja tu. Niende leo kwa mavyaa nimkabidhi ufunguo mkononi mwake, kwa kuwa kisima ni cha mamake, aamue yeye mbele ya mwanawe? Au nibaki hapa hapa nimekikalia, mpaka Ijumaa waje kuninyanyua?