Kiraka Kilichopita kwa Wakubwa Watatu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ofisi alinionyesha kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha maua, akasema: "Mama, hapa hakuna kitu inatoka bila kupita kwangu." Nikaitika. Nilikuwa na diploma mpya na woga wa zamani.

Kazi yetu pale Bunia ilikuwa kutunza programu ya orodha za chanjo. Ilikuwa programu huria: yeyote aliruhusiwa kuusoma msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, na kuusahihisha. Msimbo huo hukaa katika hifadhi, na kila anayetaka hujichukulia nakala. Ofisi yetu ilikuwa na nakala yake, ambayo Mkuu aliipamba kwa nembo. Jimbo lilikuwa na yake, Kinshasa vilevile.

Wakati ule vita vilikuwa vimetulia kidogo na barabara ya Fataki imefunguka, watu wanarudi makwao huku wametega sikio. Muuguzi wa huko, Mama Furaha, akanipigia simu amefura. Kila umeme ulipokatika, majina ya siku nzima yalipotea.

"Siye tunaandika yote tena na mukono! Siku watu watakimbia, nitajua je mutoto gani alipata sindano?"

Swali lile lilinichoma. Nikaitafuta kasoro, nikaandika kiraka, mistari mitatu tu ya kuhifadhi kila jina papo hapo. Kisha nikakipitisha kama tulivyopitisha barua, ngazi kwa ngazi. Mkuu akakiingiza katika nakala yake, akanipa mkono mbele ya watumishi wote. Jimbo likakipokea kwa barua yenye mhuri. Kinshasa wakatuma pongezi. Na Fataki majina yakaendelea kupotea.

Ndipo nilipouliza nilichopaswa kuuliza mwanzo: mashine ya Mama Furaha inapata masasisho kutoka wapi? Moja kwa moja kutoka hifadhi mama, ya wenye programu, ng'ambo. Nakala zetu tatu hazikulisha mashine hata moja. Nilicheka, halafu nikaona aibu.

Nikakituma kiraka huko. Msimamizi wao aliniita kwa jina tupu, kana kwamba tumekua pamoja, akaniomba nikihamishie kwenye tawi la majaribio, ambako mabadiliko hupimwa kabla ya kusambazwa. Kikakubaliwa bila mhuri.

Mkuu akaniandikia demande d'explication, ile barua ya kumtaka mtumishi ajieleze. "Weye unapita juu ya kichwa yangu?" Nikampigia Mama Furaha simu, nikampa Mkuu asikilize.

"Chef, leo courant ilikatika mara ine, na batoto yote iko ndani! Mungu akubariki!"

Mkuu akakohoa. "Aksanti, mama. Tulifanya kazi sana."

Sasa nimestaafu, na barua ile imebaki katika faili yangu. Karani alitaka kuiondoa, nikamkatalia. Ninyi mnaoanza, waheshimuni wakubwa, lakini kirekebisheni kitu pale pale kinapoanzia. Maana baadaye vita vilirudi, na watu wa Fataki walikimbia tena. Mama Furaha alifika Bunia na kompyuta mgongoni, akaketi chini kambini, akaiwasha. Alisoma majina ya watoto moja moja, na akina mama wakawa wanaitika.