Mtu wa Kanga Mgongoni

Mume wangu alikuwa boi kwa Wazungu, na karatasi zao kuukuu alizileta nyumbani niwashie jiko. Siku moja ndani ya furushi mlikuwa na kijitabu cha picha cha watoto wao. Nilikwisha kuuchana ukurasa wa mwisho na kuusokomeza chini ya mkaa ndipo binti yangu alipoziona rangi. Akapiga yowe kama nimemtia motoni yeye.

Basi nikamsomea. Kusoma nilisoma, tena Kiingereza. Baba yangu aliniacha shuleni mpaka majirani wa Kinondoni wakamuuliza kama anangoja niposwe na kitabu.

Hadithi yenyewe ilinikera. Mtu anaruka hewani bila mbawa. Ananyanyua gari moshi kwa mkono mmoja. Haumwi, hachoki, hasemi uongo, hakosei. Mgongoni kafunga kitambaa cha kijani kinachopepea.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa anaishi nasi, aliitazama picha kwa jicho moja. "Mwanamume mzima kajifunga kanga. Ya mkewe hiyo?"

"Hana mke, mama."

"Ndiyo maana."

Mume wangu naye akasema, "Sasa huyu ana hadithi gani? Tangu mwanzo unajua atashinda." Nikaona kasema kweli. Mie nateka maji bombani kwa kusukumana, nafua, napika, na mtoto anaumwa. Mtu asiyeumwa wa nini?

Maana mtoto alikuwa na kidonda. Kilianza chini ya goti kama upele wa mbu, kikaingia ndani, kikawa kinanuka. Dresa wa zahanati, mfunga vidonda, mtu wa bara mwenye haraka zake, alitaka achomwe sindano kila asubuhi mpaka kidonda kikauke. "Ukimkatisha," aliniambia, "mguu ukija kukatwa usinililie mimi."

Siku ya kwanza mtoto alirusha mateke mpaka trei ikaanguka. Dresa akatufukuza mbele ya kina mama wote. "Kamfunze adabu kwanza, ndipo umlete!"

"Adabu anayo," nikamjibu. "Ni ulimi wako ndio hauna."

Wanawake kwenye benchi wakacheka, nami nikatoka nimenyoosha shingo. Nilipofika njiani nikakumbuka kwamba mtoto niliyembeba hakuchomwa. Maneno nimeshinda, dawa sina. Nililia kwa hasira mpaka nyumbani, na mtoto akawa ananifuta machozi kwa kiganja.

Alasiri ile nikakaa naye uwani, nikafungua kile kijitabu nimpe moyo. Nikatafuta ukurasa wa bunduki. "Unaona? Wanyang'anyi wanampiga, naye wala hana habari. Risasi kwake maji tu."

Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Umesemaje?"

"Nasoma, mama. Nasema risasi kwake—"

"Usimwambie mtoto neno hilo. Usimwambie kabisa!" Hakuwahi kunipazia sauti tangu niolewe.

Mie nami si mtu wa kunyamaza. "Ni hadithi tu! Unataka nimwambie nini? Mguu unaoza huu!"

Aliuweka ungo chini, akamvuta mjukuu wake mapajani, akamwambia yeye. Kwao ni huko kusini ya Rufiji. Vita dhidi ya Wadachi ilipofika kijijini kwao alikuwa hajang'oka meno ya utoto. Baba yake alipewa dawa, akanywa, akanyunyiziwa, akaambiwa risasi za Wadachi zikimfikia zitakuwa maji. Akaamini. Asubuhi ile askari walipotokea upande wa mashamba, wao walikuwa mlangoni: mama yake, yeye, na mdogo wake wa kunyonya.

"Baba akawapa mgongo askari," alisema. "Akatugeukia sie. Akatanua mikono, hivi, akatubana ukutani."

Binti yangu akafikiri. "Bibi, kama risasi zingekuwa maji, mbona aliwafunika?"

"Dawa alikunywa yeye, mwanangu. Sie hatukunywa."

Hakuna aliyemuuliza risasi zilikuwa nini. Kuku waliufikia mchele na hakuna aliyewafukuza.

Nikakitazama kijitabu tena, kwa sababu sikujua nimtazame nani. Na nikaona kitu nilichokuwa nakiruka kila siku. Yule mtu wa kanga amewapa bunduki mgongo. Mikono ameitanua ukutani, na chini ya mikono wamejikunyata mwanamke na watoto wake wawili. Uso umewaelekea wao. Mchoraji alimchora anacheka anapobeba gari moshi, lakini hapa, ambapo hapati hata mkwaruzo, kamchora ameogopa. Ameogopa kweli, macho yamemtoka. Yeye hana la kumpata. Walio chini ya mikono yake wanalo.

Hasira zangu kwake zikaniisha pale pale. Nilidhani mtu asiyeumia hana la kupoteza. Mie mwenyewe mguu wangu ulikuwa mzima, na nilikuwa silali.

Nikamwambia binti yangu ukweli, maana ndio niliokuwa nao. "Wewe sindano itakuingia. Itauma. Nami nitakuwepo."

"Na Bibi?"

"Na mie," akasema bibi yake, ambaye zahanati alikuwa haikaribii.

Asubuhi tukaenda watatu. Nikamwamkia dresa shikamoo kana kwamba jana haikuwepo. Akajibu marahaba bila kuniangalia, akaanza kuvuta dawa. Nilipotaka kumshika mikono, mtoto akanisukuma.

"Nyie kaeni huko. Ukutani."

Tukakaa, mie na mama mkwe wangu, tumebanana kama tulioambiwa na askari. Binti yangu akasimama mbele yetu. Sindano yenyewe ilikuwa ya matakoni, hivyo ikabidi ampe dresa mgongo na sie atutazame. Akatanua mikono. Haikutufunika hata magoti, lakini aliitanua yote mpaka vidole.

"Msiogope," akatuambia, na yeye macho yamemtoka.

Sindano ikaingia. Akalia kilio cha kusikika barabarani, mikono imetanuka vile vile, hakuishusha mpaka dresa aliposema tayari. Mama mkwe wangu alikuwa ameshajifunika uso kwa ukaya. Nikamnyanyua mtoto, machozi yake yakanimwagikia shingoni.

Tulipokuwa tunarudi, kwikwi zikapungua. Akaniinulia kichwa begani.

"Mama, na yule wa kanga naye alilia."

"Wapi? Mbona hatukumwona?"

"Kwenye karatasi ile ya mwisho, uliyowashia jiko."