Siku Bibi Alipojitaja

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, tukiishi mtaa wa Linden, hapa Columbus, nilikiri mbele ya kanisa zima kwamba mimi ni mchawi.

Shangazi yangu Esperance, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa ameharibikiwa na mimba, na haikuwa ya kwanza. Mimi nilikuwa na tabia ya kuongea usingizini, naye akanisikia nikisema, "Mlete mtoto." Basi. Simlaumu sana sasa. Mtu mwenye uchungu kama ule hutafuta mahali pa kuuweka.

Mama alikuwa shifti ya wikiendi ghalani. Baba akanipeleka kwa mchungaji wetu, aliyekodi ukumbi nyuma ya duka la matairi. Wakanifungisha tangu Ijumaa, maji tu. Jumapili nikasimamishwa mbele.

Mchungaji hakuwa mkali. Sauti yake ya upole ndiyo ninayoikumbuka hadi leo.

"Sema ukweli, mwanangu, yaishe. Utakula."

Katika chumba cha nyuma akina mama walikuwa wakipika maharage. Harufu ilinifikia pale niliposimama. Nikasema, "Ndiyo, ni mimi."

Baba akalia. Nikadhani yamekwisha, kumbe bado.

"Nani alikufundisha?" mchungaji akauliza.

Nikawatazama watu, na kila niliyemtazama aligeuza uso upesi. Ndipo Bibi, mama yake baba, akainuka kwa shida kwenye kiti chake.

"Ni mimi," akasema. "Kusuka nimemfundisha mimi, kusali nimemfundisha mimi. Hilo nalo niwekeeni mimi."

"Mama, kaa chini," baba akamsihi.

"Nikae? Mtoto ana njaa, wewe unalia!"

Mchungaji akamwuliza kama anajua anachosema.

"Najua. Huyu mtoto ndiye hajui."

Akanishika mkono hadi chumba cha nyuma. Hakuna aliyetupakulia. Bibi akachota mwenyewe, nami nikala nimesimama huku akinishikia sahani.

Tangu siku ile watu walikataa chakula kilichopita mikononi mwake. Shangazi alihamia Buffalo na mumewe, akajifungua binti huko. Bibi, aliyemzaa Esperance, alimwona mjukuu huyo kwenye simu tu, mpaka alipofariki.

Nikiwa sekondari, mwalimu alitusomesha habari za walowezi Wapuritani, Wakristo wa msimamo mkali, wa Massachusetts ya zamani: walionyongwa ni waliokana uchawi, waliokiri waliachwa hai, lakini wakabanwa wataje wengine. Mwalimu akauliza kwa nini mtu akiri asichokifanya. Wenzangu walikisia hili na lile. Mimi nilitazama nje dirishani.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba Bibi alithubutu kwa sababu hakuamini mambo yale. Ilikuwa faraja kumfikiria hivyo. Nilipokuwa mtu mzima nikamwuliza, akanishangaa.

"Wachawi wapo," akasema. "Nawaogopa sana."

Kwa hiyo alijua vizuri jina lile lingemfanya nini, kuliko hata mchungaji, na akalichukua machoni pa watu aliokuwa akisali nao. Sasa nina watoto wangu. Huwa najiuliza kama ningeinuka kwenye kile kiti. Nataka kuamini kwamba ningeinuka, lakini sijui.